Nataka kuwa fundi wa kuchomelea, nianzie wapi? Mwongozo kwa walio Moshi na Arusha

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu zinaanza. "Shikamoo fundi, nataka kujifunza weldingi." "Baba fulani, mwanangu aliishia darasa la saba, VETA watampokea?" "Kaka, kuna haja gani ya chuo na gereji ipo hapa mtaani?" Nilisomea Moshi, nafanya kazi Arusha pale Unga Limited, na kila mwaka napokea vijana wa field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mpangilio, ili ukimaliza kusoma ujue kesho asubuhi unakwenda wapi na umebeba nini.

Kuna jambo moja nitalirudia. Kuchomelea kunaingia mkononi kwa kuchoma vijiti vingi (zile fimbo nyembamba za chuma zinazoyeyuka na kuunganisha) huku mtu anayejua akiangalia mshono wako, yaani mstari wa chuma kilichoyeyuka, na kukwambia ulipokosea. Ukitaka kupima chuo, gereji au kozi yoyote, uliza maswali mawili: nitachoma vijiti vingapi, na nani ataukagua mshono wangu? Chuo chenye jengo zuri kisichoweza kukujibu hayo hakikufai.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa, cheti au matokeo ya shule uliyomaliza, namba ya NIDA kama umefikisha miaka 18, na picha ndogo kadhaa. Cheti cha kuzaliwa kikiwa hakipo, anza nacho leo, maana ndicho kinachowachelewesha wengi.
- Macho yaliyopimwa. Kama huoni vizuri karibu, utachomelea pembeni ya mstari na utadhani huna kipaji. Walio Moshi wana KCMC, Arusha kuna Mount Meru, na hospitali nyingine nyingi hupima.
- Ovaroli ya pamba nzito. Nailoni ikipata cheche huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Ukikosa ovaroli, suruali nzito ya jinzi na shati la mikono mirefu la pamba vinatosha kuanzia, na soko la Memorial, Moshi, utavipata kwa bei nafuu. Suruali isiwe na pindo chini, maana cheche zinaingia humo.
- Buti za ngozi zinazofunika kifundo, glavu ndefu za ngozi, na ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11 (namba ya ukali wa giza).
- Miwani nyeupe ya grenda, ile mashine ya kusugulia na kukatia chuma. Hii ni tofauti na ngao, na unaihitaji hata wakati mashine imezimwa.
- Futi kamba, skwea, chaki ya fundi, nyundo ya kutolea gamba (uchafu mgumu unaoganda juu ya mshono), brashi ya waya, daftari.
- Hesabu za desimali, sehemu na pembe. Kama zimekutoka, kaa na mdogo wako wa darasa la saba wiki moja mzirudie pamoja. Geti linalokosa skwea kwa sentimita moja halifungi.
- Akiba ya nauli na chakula cha miezi miwili. Vijana wengi niliowaona wakiacha njiani walikwamishwa na nauli, ada walikuwa wameshalipa.

Usinunue mashine sasa. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka kuna mzazi anayeuza mbuzi au kahawa akanunua mashine kabla kijana hajajua kama kazi yenyewe anaipenda.

Hatua ya 1. Kaa gereji siku tatu

Kabla hujalipa hata shilingi, nenda kwa fundi wa mtaani kwenu, msalimie vizuri, mwombe ukae uangalie na kusaidia kubeba. Usiguse mashine. Unachotafuta ni kujijua: je, joto, moshi, kelele za grenda na kuinama kutwa utaviweza? Wengine hugundua siku ya pili kwamba wanapenda zaidi useremala au umeme. Ni heri kugundua mapema. Na usiangalie moto wa kuchomelea kwa macho matupu, hata ukiwa umesimama mita tano. Sababu iko hatua ya 5.

Hatua ya 2. Chagua njia

Njia ziko nne na zote zinafika.

VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ndiyo inayojulikana zaidi. Huhitaji kuwa umemaliza kidato cha nne, hata aliyemaliza darasa la saba hupokelewa kwenye fani hii. Mafunzo yana ngazi I, II na III, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi, na cheti chake kinatambulika nchi nzima. Moshi kuna chuo cha VETA cha siku nyingi, Arusha pia kipo. Ada ya vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Mzazi akisikia hivyo anafurahi, kisha fomu ya kujiunga inafika na orodha ya ovaroli, buti, vifaa, godoro na michango. Jipange kwa orodha hiyo, ada peke yake isikudanganye.

Chuo cha maendeleo ya wananchi ni njia ambayo watu wengi wa mjini hawaifikirii. Vyuo hivi vilianzishwa kuanzia 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, ili mtu wa kijijini apate ujuzi bila kuulizwa sana aliishia darasa la ngapi. Kwa upande wa Kilimanjaro kuna Msinga. Hapo kuna kozi ndefu na fupi, madarasa si makubwa, na baadhi ya vyuo vya aina hii vina sehemu ya kulelea watoto kwa akina mama wanaosoma. Dada uliyekatiza shule kwa ujauzito, njia hii usiipite. Wasichana niliowapokea field mara nyingi walikuwa na mkono uliotulia kuliko wavulana, na kazi hii inapenda mkono uliotulia.

Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza 1978, kinamfaa zaidi aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa sayansi na hesabu anayetaka kwenda hadi stashahada ya uhandisi mitambo. Huko kuchomelea ni sehemu tu ya masomo. Ukitaka kuwa msimamizi au mchoraji wa kazi za chuma, nenda. Ukitaka kushika holda (kishikio cha kijiti) kila siku, VETA au chuo cha wananchi kitakufikisha haraka.

Ya nne ni gereji. Unafundishwa na fundi, unalipwa kidogo au hulipwi, na mkono unakuwa mwepesi upesi sana. Ubaya wake ni kwamba unajifunza makosa ya fundi wako pamoja na uzuri wake, na huna karatasi. Lakini hata hapo mlango haujafungwa: VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa anachoweza, anapewa mafunzo ya kujazia mapengo, kisha anapata cheti. Ukiwa umefanya kazi miaka kadhaa, nenda ofisi ya VETA ukaulizie.

Ushauri wangu, kwa anayeweza: chuo kwanza, na jioni au likizo gereji. Chuo kitakufundisha kwa nini, gereji itakufundisha kwa haraka. Ukianza na gereji tupu, kuondoa tabia mbaya mkononi baadaye ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Hatua ya 3. Kakague karakana kwa macho yako

Usijiunge na chuo kwa kuona bango barabarani. Nenda siku ya kazi, omba kuona karakana, na uangalie haya:

- Mashine ngapi zinafanya kazi, wanafunzi wangapi wanagawana mashine moja. Ikizidi watano kwa moja, utakuwa mtazamaji.
- Chini kuna vichwa vya vijiti vilivyochomwa na mabaki ya chuma? Sakafu safi sana ni dalili mbaya.
- Wanafunzi wamevaa ngao au wanafumba macho?
- Mbali na mashine ya vijiti, kuna mashine ya waya na gesi ya kinga? Kuna mitungi ya oksijeni na asetilini, gesi za kukatia na kuunganishia chuma?
- Mwalimu anachomelea mwenyewe au anaandika ubaoni tu?

Kwa chuo binafsi, uliza namba ya usajili na uihakiki NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi. Mpo mliowahi kulipa, mkasoma mwaka mzima, mkaambiwa hakuna mtihani wa taifa. Nakuomba yasikukute.

Hatua ya 4. Omba mapema

Masomo ya VETA ya kozi ndefu huanza Januari, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Anza kufuatilia kuanzia Agosti. Ukisubiri mpaka Krismasi upo kijijini Rombo au Marangu na ndugu, nafasi zimekwisha. Jaza fomu kwa majina yale yale yaliyoko kwenye cheti cha kuzaliwa na cha shule. Kutofautiana kwa herufi moja kunasumbua hadi siku ya kupokea cheti.

Hatua ya 5. Usalama, kabla ya kuwasha chochote

Hapa nitakaa kidogo, na ninakuomba usiruke.

Macho. Mwanga wa kuchomelea una mionzi isiyoonekana inayounguza ngozi ya juu ya jicho. Haiumi papo hapo. Unakwenda nyumbani salama, unakula, unalala, na saa sita au nane baadaye unaamka kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Nilipoanza, kwenye gereji moja ambayo ngao ilikuwa moja kwa watu wanne, nilikaa gizani siku mbili nikilia kwa maumivu. Watakwambia ubandike viazi, wengine wataleta maziwa. Usiweke kitu chochote ndani ya jicho, funga macho, kaa gizani, nenda hospitali. Huwa inapona ndani ya siku moja au mbili, lakini kurudia rudia kunaharibu. Miwani ya jua haitoshi kukukinga. Kioo cha ngao kikipasuka, badilisha siku hiyo hiyo.

Moshi. Mabomba ya maji na mabati yana zinki juu yake. Ukiyachomelea hutoa moshi mweupe ambao jioni unaleta homa, kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni, na wengi hudhani ni malaria. Ondoa zinki kwa grenda umbali wa sentimita chache kila upande wa mshono ukiwa umefunika pua kwa barakoa ya kazi, fanyia kazi nje au kwenye hewa inayopita, na kaa upande ambao moshi haukufuati usoni. Na hili la maziwa: mafundi tunakunywa maziwa tukiamini yanasafisha kifua. Kunywa, ni chakula kizuri, ila hayaingii kwenye mapafu na hayazuii moshi. Kinachokusaidia ni hewa na barakoa.

Matangi. Arusha ni mji wa magari ya watalii, na kila wiki kuna mtu analeta tangi la mafuta linalovuja. Usichomelee tangi lililowahi kubeba petroli au dizeli, hata kama lilikaa tupu mwezi mzima. Mvuke unaobaki unalipuka na unaua. Kusafisha tangi ni kazi yenye utaratibu wake na wewe mwanafunzi haikuhusu. Mteja akikusihi, mwambie hapana. Vivyo hivyo mapipa yasiyojulikana yalibeba nini.

Gari. Ukichomelea bodi au chesesi, toa kwanza waya za betri, na funga athi (waya wa mashine unaobanwa kwenye chuma) karibu kabisa na unapochomelea. Magari ya sasa yana kompyuta, na umeme ukipita njia ndefu unaiua. Hasara hiyo utailipa wewe.

Gesi. Mtungi wa asetilini husimama muda wote na hufungwa kwa mnyororo. Presha yake kwenye mpira isizidi baa 1. Mpira mwekundu ni wa asetilini, wa bluu ni wa oksijeni, na nati za asetilini hufungwa kinyume na kawaida ili usizichanganye. Mafuta na grisi visiguse vifaa vya oksijeni kamwe, hata kwa mikono iliyotoka kushika gari.

Umeme. Soketi ya nyumbani ni ya ampea 13. Kijiti kinene kinavuta zaidi ya hapo, na waya mwembamba wa kuunganishia unapata moto ukiwa umekunjwa. Usichomelee ukiwa umelowa au umesimama kwenye maji, na wakati wa masika usiache mashine nje.

Grenda. Kinga yake isitolewe, hata kama mafundi wote hapo wameitoa. Diski ya kukatia haitumiki kusugulia kwa ubavu. Inapasuka.

Hatua ya 6. Mshono wa kwanza

Chuo kitakuonyesha, lakini wanafunzi wengi wanaonyeshwa haraka kisha wanaachwa. Fanya hivi, polepole:

1. Chukua flati baa ya unene wa milimita 5 au 6, kata vipande vya sentimita 15. Isiwe nyembamba zaidi, utaitoboa na kukata tamaa.
2. Isugue kwa brashi au grenda hadi ing'ae. Rangi, kutu na mafuta ndivyo vinavyoleta vitundu.
3. Funga athi kwenye chuma kilichosuguliwa. Athi legelege ni chanzo cha nusu ya matatizo ninayoitwa kuangalia.
4. Tumia kijiti cha milimita 2.5, ambacho dukani wanakiita geji 12, cha aina ya E6013. Kinawaka kwa urahisi na kinamvumilia anayeanza. Weka mashine ampea 70 hadi 80.
5. Kaa vizuri, egemeza kiwiko mahali, shika holda kwa mikono miwili. Shusha ngao kabla ya kuwasha.
6. Kwaruza ncha ya kijiti kwenye chuma kama unavyowasha kiberiti, kisha inua kidogo. Kikinata, kizungushe upande kwa mkono wa nguvu. Kikigoma, bana holda kiachie. Ngao ibaki usoni.
7. Umbali kati ya ncha na chuma uwe sawa na unene wa kijiti chenyewe, yaani kama milimita 2.5. Kijiti kinapungua kadiri kinavyowaka, kwa hiyo mkono unashuka polepole muda wote. Hapa ndipo karibu kila mmoja anapokwama wiki ya kwanza.
8. Laza holda kidogo, digrii 10 hadi 15, kuelekea unakokwenda, ncha ikiangalia nyuma kwenye mshono.
9. Usiangalie mwanga, angalia dimbwi la chuma kilichoyeyuka nyuma yake. Upana wa dimbwi ndio unaokwambia uende haraka au taratibu. Sikiliza pia: mlio mzuri ni wa mafuta ya maandazi yaliyochemka sawasawa. Ukisikia milipuko, umeinua mno.
10. Acha ipoe kidogo, vaa miwani nyeupe, gonga gamba, piga brashi, angalia. Mawimbi yake yawe karibu karibu na sawa, kama magamba ya samaki.

Rudia. Kilo moja ya vijiti hivi ina vijiti kati ya 50 na 60. Kwa vijana niliowafundisha, mshono unaanza kusomeka baada ya kilo tatu au nne, na hiyo ni kwa mtu anayeambiwa makosa yake kila mara. Andika kwenye daftari ampea, kijiti na matokeo. Bakiza kipande kimoja kila Ijumaa, kiandike tarehe, uweke kando. Baada ya miezi mitatu viweke mezani kwa mstari uone ulikotoka.

Kisha ujifunze kuvunja kazi yako. Simamisha kipande kimoja juu ya kingine kwa umbo la T, chomelea upande mmoja tu, kisha kipige nyundo kuelekea upande wenye mshono hadi kivunjike. Ukikuta ndani weusi wa gamba au kona ambayo haikuyeyuka, mshono wako ulikuwa rangi tu ya juu. Mafundi wengi wa mtaani hawajawahi kufanya jaribio hili hata mara moja, na linatumia dakika tano.

Hatua ya 7. Badilisha mkao

Ukiwa sawa mezani, nenda kwenye kona iliyolala, halafu mshono wa wima, halafu wa juu ya kichwa. Kwa wima anza chini kupanda juu, na punguza ampea kidogo. Kwa juu ya kichwa vaa kofia na ufunge shingo. Usiruke hatua kwa sababu mwenzako ameruka.

Wakati huu ndipo uguse E7018, kijiti cha kazi za kubeba mzigo. Hakipendi unyevu: pakiti ikifunguliwa na kukaa wazi kipindi cha masika, mshono unaweza kupasuka kwa ndani. Kinahifadhiwa kwenye oveni ya vijiti. Kama chuo hakina, kitumie kwa mazoezi lakini usikitumie kwenye kazi ya mteja inayobeba uzito.

Hatua ya 8. Field

Usiende field mahali ambapo mjomba ana ofisi na utakaa unachapa barua. Arusha tafuta karakana zinazorefusha na kubadilisha Land Cruiser za watalii: huko utajifunza vipimo, chuma chembamba na umaliziaji safi kuliko popote. Kuna pia TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma zinazobuni na kutengeneza mashine. Moshi kuna Kilimanjaro Machine Tools, na kuna kiwanda cha sukari cha TPC. Viwanda vya sukari husimama kila mwaka kwa matengenezo, na msimu huo ndio wenye kazi za kuchomelea, hivyo peleka barua mapema. Ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zipo miji yote miwili na zinajua karakana ndogo zinazopokea vijana.

Ukifika field, fika wa kwanza, fagia, panga vifaa, uliza. Fundi mkuu humpa holda kijana anayemwona anajali.

Hatua ya 9. Kazi ya kwanza

Piga picha kila kazi uliyofanya, mshono kwa karibu na kazi nzima kwa mbali. Mteja wa geti haulizi ngazi ya cheti, anaomba kuona geti. Kiwanda kitaomba vyote viwili.

Usidharau kazi ndogo: stendi za matangi ya maji, mabanda ya kuku, vitanda, mikokoteni. Ukishapata wenzako wenye nia, andikisheni kikundi na muulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo vijana wana asilimia 4 na wanawake asilimia 4. Wakati huo ndio wa kununua mashine.

Wanaoota miradi mikubwa, mfano bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: wajue kwamba huko kila mchomeleaji hupimwa upya na mkandarasi. Mtihani mgumu unaitwa 6G, bomba limelala digrii 45 na huruhusiwi kulizungusha. Cheti cha chuo kinakufikisha kwenye mtihani. Anza kulifanyia mazoezi bomba ukiwa ngazi ya II, usisubiri tangazo la kazi.

Ukikwama

*Kijiti kinanata kila mara.* Ampea ni ndogo, au athi ni legelege, au vijiti vimelowa. Angalia kwa mpangilio huo. Jioni umeme ukiwa mdogo mtaani, tatizo linaweza lisiwe lako. Jaribu asubuhi.

*Natoboa chuma.* Kama ni skwea paipu ya milimita 1.5, shusha ampea hadi 50 au 60, weka nukta fupi fupi ukiruhusu ipoe, na anza kujaza upande mnene.

*Mshono una vitundu.* Chuma ni kichafu, kijiti kimelowa, au umeinua mno. Upepo unahusika zaidi ukitumia mashine ya gesi.

*Pembeni mwa mshono kuna mfereji.* Ampea nyingi au unakimbia. Tulia sekunde moja kila ukingo.

*Mshono umekaa juu kama uji ulioganda.* Ampea ndogo. Haukushika. Usiufunike kwa rangi, ukwangue na urudie.

*Geti limepinda baada ya kuchomelea.* Ulimaliza upande mmoja kabla ya mwingine. Shikiza pembe zote nne kwanza, pima ulalo kwa ulalo, kisha chomelea kwa kubadilisha pande, kidogo kidogo.

*Mwalimu hatoshi, napata mashine mara moja kwa wiki.* Nenda kwake mwombe uje Jumamosi kusafisha karakana. Beba mabaki yako ya chuma na nusu kilo ya vijiti vyako. Sijawahi kumwona mwalimu wa ufundi anayemfukuza kijana wa namna hiyo.

*Nina miaka 30, nimechelewa?* Kozi fupi na urasimishaji ujuzi havina shida na umri wako. Niliyemfundisha mwenye umri mkubwa zaidi alikuwa na wajukuu wawili, na sasa anatengeneza vitoroli vya kubebea ndizi huko Kibosho.

*Fundi wa gereji ananituma soda tu, miezi minne sasa, sijashika holda.* Mwombe kwa heshima siku maalumu, mbele ya mtu mzima anayemheshimu. Akikubali, andika makubaliano: siku zipi, vijiti vya nani, kwa muda gani. Akikataa, mshukuru, chukua buti zako na uende karakana nyingine.